Canon 2000D mpya au Nikon D7100 iliyotumika? Jibu la mtu aliyekwishaungua

Mkuu, nimekuelewa hivi: una milioni moja na laki tano, hutafuti kamera ya kupigia harusi kwa malipo, unataka DSLR ya kwanza, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, kwa ajili ya mapenzi yako mwenyewe. Ngalawa, mitaa, na watoto wako siku za Jumapili. Umebaki na mbili: Canon EOS 2000D mpya kwenye boksi na lenzi yake ya 18-55, au Nikon D7100 iliyotumika, bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi. Waliotangulia kukujibu wamesema chukua mpya, ina waranti. Mimi ningechukua D7100, na sababu zangu nimezilipia.

Yangu ya kwanza ilikuwa Nikon D3200, mwaka 2013. Nilipewa na begi, na tripodi ya zawadi iliyovunjika mguu wiki ya pili. Niliichagua kwa megapikseli 24, maana siku zile nilidhani megapikseli ni kama ekari, mwenye nyingi ndiye tajiri. Megapikseli 24 ni nukta 6000 kwa 4000. Ukiichapa picha hiyo kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13. Umechapa lini picha kubwa kiasi hicho? Na hizo zako mbili zote zina 24.1, kwa hiyo hapo hakuna cha kushindania.

Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Nilipata lenzi ya mm 50 f/1.8D ya mtumba kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Nikaifunga, nikabonyeza, kimya. Picha haijilengi, inabaki na ukungu. Nikadhani nimeuziwa mbovu, nikarudi dukani nimefura, jamaa akaniambia lenzi ni nzima, kamera yako ndiyo mbovu. Kumbe hakuna kilichokuwa kibovu. Lenzi za Nikon za zamani za aina ya AF-D hazina mota ndani yake. Huzungushwa na mota iliyo kwenye bodi, kupitia kijibisibisi unachokiona mdomoni mwa kamera (pale lenzi inapofungwa), na Nikon hawakuweka mota hiyo kwenye bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao. Hizo zinataka AF-S au AF-P, zenye mota ya ndani. D7100 inayo mota ya bodi, hivyo mitumba mingi ya AF-D inakufungukia. Ukienda upande wa Canon shida hii huikuti, kwa sababu tangu waanze mdomo wa EF mwaka 1987 mota iko kwenye lenzi.

Sasa jambo ambalo karatasi za sifa hazilisemi vizuri: mkono. Mwaka ule ule binamu yangu alioa Tanga, nikajipeleka na D3200 kama mpiga picha wa pembeni. Bibi harusi ni mweusi tii, shela jeupe limejaa fremu nzima. Kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo kikiona weupe mwingi kinapunguza mwanga. Shela likatoka kijivu, uso wa shemeji ukawa giza. Nikamgeukia bwana harusi, suti nyeusi mbele ya pazia la rangi ya damu ya mzee, kamera ikafanya kinyume chake na uso ukaungua. Dawa ni kitufe cha +/-, unaongeza kidogo hapa, unapunguza kidogo pale. Ila kwenye bodi za daraja la chini kuna kigurudumu kimoja tu, na kitufe hicho unakishikilia kwa kidole huku unazungusha kwa kingine, wakati maharusi wanapita na shangazi anakusukuma kwa kiwiko. Wakati nabonyeza, wao walishakata keki.

2000D ni ya namna hiyo hiyo. Ukipiga kwa mkono, yaani modi ya M, kigurudumu kile kile kimoja kinabadili kasi ya shata (pazia linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga), na ukitaka kubadili tundu la lenzi linalopitisha mwanga huo sharti ushikilie kitufe cha Av. D7100 ina vigurudumu viwili: cha nyuma kasi ya shata, cha mbele tundu. Baada ya mwezi vidole vinakwenda vyenyewe, macho hayatoki dirishani, pale unapochungulia picha. Na dirisha lenyewe ni lingine kabisa. La 2000D limetengenezwa kwa vioo vya kuakisi na linakuonyesha asilimia 95 ya picha, ndiyo maana watu hukuta nguzo ya umeme pembeni ambayo wanaapa hawakuiona. La D7100 ni prizimu ya kioo halisi, lina mwanga zaidi, na unachokiona ndicho unachopata, asilimia 100. Ongeza pointi 51 za kulengea dhidi ya 9, picha 6 kwa sekunde dhidi ya 3, na nafasi mbili za memori kadi. Kasoro yake kubwa ni tumbo dogo, yaani memori ya muda ya ndani: ukipiga mfululizo kwa RAW, yale mafaili ghafi makubwa, inashiba haraka na kukuambia subiri. Kwa ngalawa haitakusumbua, ngalawa haina haraka.

Uzito pia ufikirie. D7100 na betri yake ni kama gramu 765, 2000D ni 475. Mke wangu ana mkono mdogo na D7100 aliikataa siku ya kwanza, hajaigusa tena hadi leo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela zishike zote mbili, kila moja ikiwa na lenzi, robo saa, bila haya, hata muuzaji akikukodolea macho.

Fedha igawe hivi: bodi isile zaidi ya theluthi mbili. Ikizidi hapo, shuka daraja, chukua D7000 ya mwaka 2010 yenye megapikseli 16.2, bado utaipenda. Theluthi inayobaki ni ya lenzi moja, ya pili ngoja. Ningekushauri mm 35 f/1.8G ya DX, jina la Nikon la sensa ndogo (kipande kinachopokea picha) kama ya D7100. Kwa sensa ya ukubwa huo, ambayo inakata picha mara 1.5, inakupa uoni wa kama mm 52, karibu na tunavyotazama kwa macho. Ile 18-55 siidharau, ila ukiivuta hadi mm 55 tundu lake haliwi pana kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Nenda nayo Forodhani, Unguja, saa mbili usiku, kwenye meza za pweza na urojo. Pale ambapo f/5.6 inakulazimisha shata ya 1/8 ya sekunde, mchoma mishikaki anakuwa mzimu wa ukungu, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, unapiga kwa 1/80 na mkono wake unaonekana mkono.

Kama lengo lako lingekuwa video za watoto wakikimbia, ningebadili jibu na kukupeleka kwenye Canon 70D ya mtumba. Ulengaji wake kwenye video ni mtulivu sana, skrini inageuka na inaguswa, nayo ina vigurudumu viwili. D7100 kwenye video inahangaika, inakwenda mbele na kurudi kama mtu aliyesahau miwani.

Kuna aliyekuandikia hapo juu kwamba DSLR zimekufa, chukua mirorlesi, yaani kamera zisizo na kile kioo cha ndani. Anachosema kina ukweli: Canon na Nikon wote walitoa DSLR zao kubwa za mwisho mwaka 2020, na nguvu zao sasa ziko upande wa pili. Lakini hicho ndicho kilichoshusha bei za unachokitaka. Na lenzi hazifi: mdomo wa F wa Nikon umekuwepo tangu 1959, na siku ukihamia mfumo wa Z, yaani mirorlesi za Nikon, kuna adapta ya FTZ. AF-S yako italenga kama kawaida, AF-D itabidi uilenge kwa mkono.

Fangasi. Hili sikuliona likitajwa na mtu yeyote, nadhani wengi wenu mko Arusha. Sisi wa pwani lenzi zinaoza. Ile mm 50 yangu niliiweka kwenye kipochi cha ngozi, kabatini, masika nzima. Nilipoitoa, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fundi aliifungua, akafuta, lakini fangasi walishakula rangi ya juu ya kioo, na hadi leo ukipiga ikielekea jua picha inafifia. Sasa vyangu vinalala kwenye kontena la plastiki la mfuniko wa kubana, na pakiti za silika jeli ambazo nazikausha mara kwa mara. Ngozi na kitambaa hunyonya unyevu, usiweke humo. Na mchele usijaribu, unaacha unga.

Siku ya kununua nenda na memori kadi yako ya SD na laptopu. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku tundu liko wazi, utafute nyuzi hizo. Vumbi kidogo ndani si tatizo. Kisha punguza tundu hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe au anga, ikuze: madoa meusi yanayofutika kwa pampu ya hewa ni vumbi la sensa, yasiyofutika kwa hewa mwachie muuzaji au akupunguzie bei ya kusafisha. Bonyeza kila kitufe. Chomeka kadi kwenye nafasi zote mbili, maana moja ikiwa imekufa muuzaji hatakwambia. Mwisho, fungua faili ya picha mpya kabisa kwenye programu ya kusoma taarifa za picha utafute idadi ya shata, yaani imeshapiga mara ngapi. Nikon huiandika ndani ya faili. Canon nyingi haziandiki, zinataka waya na programu maalumu.

Shata ya D7100 imepimwa kwa mapigo 150,000. Ikiwa 30,000 au 40,000, lipa uondoke. Ikiwa 120,000 bado si maiti, ila bei ishuke vya kutosha. Na akikuzuia kuweka kadi yako kwenye kamera yake, kunywa maji, aga, nenda duka la jirani.