Mpikie mbwa kwa ajili ya pua yake

Ukitafuta namna ya kumtengenezea mbwa vitafunwa, utakutana kwanza na biskuti zilizokatwa umbo la mfupa, keki zilizopakwa krimu na vikombe vidogo vya rangirangi. Vinapendeza, sikatai, ila anayependezwa ni wewe mwenye simu ya kupigia picha. Ulimi wa mbwa una vinundu vya kuonjea ladha kama 1,700 tu, wakati binadamu ana karibu 9,000. Alichopunjwa ulimini amelipwa puani. Ndiyo maana nikiingia jikoni kwa ajili ya mbwa wangu wawili, Bosi aliyezeeka na Tinga ambaye bado anatafuna miguu ya viti, huwa najiuliza: kitu hiki kitanukia? Kitamshughulisha kwa muda? Na kuna chochote ndani yake kinachoweza kumdhuru?

Kwa kunukia, hakuna kinachoshinda maini. Nayaosha, nayachemsha kwa maji matupu bila chumvi wala kiungo chochote, mpaka nikikata kipande kinene katikati nisione wekundu. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe nyama imefika nyuzi 71 za selsiasi ndani, na ya kuku nyuzi 74. Usiruke hatua hii ukaanza moja kwa moja na kukausha, kwa sababu moto mdogo wa kukaushia unaweza kuondoa maji kwenye nyama na kuwaacha vijidudu wazima. Yakiisha kupoa nayakata vipande vya ukubwa wa punje ya kunde, nayatandaza kwenye trei yasigusane, nayaingiza kwenye oveni yenye nyuzi 100 hadi 120. Baada ya saa moja nayageuza. Yakiwa tayari utajua kwa vidole: kipande hakibonyei, na ukikivunja kinakatika kwa mlio badala ya kuvutika kama mpira. Nyumba itanuka maini siku nzima. Fungua madirisha, na umwombe radhi mwenzako mapema.

Yale maji yaliyochemshia usiyamwage. Yagandishe kwenye trei ya barafu. Mchemraba mmoja ukiyeyushwa juu ya chakula unamrudisha kwenye bakuli mbwa aliyekuwa anakisusia.

Lakini maini yana mpaka wake. Yamejaa vitamini A, na vitamini hii ikizidi haitoki na mkojo, inajilimbikiza mwilini. Yana shaba nyingi pia, na wapo mbwa, Bedlington Terrier kwa mfano, ambao kwa kurithi miili yao haiwezi kuitoa shaba hiyo vizuri, ikawaharibia ini. Kwangu vipande hivi ni vya mafunzo: ameitika alipoitwa, amekaa alipoambiwa akae, basi anapata kimoja. Havigeuki mlo.

Hapo ndipo penye suala la kiasi, ambalo wengi hulipuuza kwa mapenzi. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa visizidi asilimia 10 ya kalori za siku nzima. Tuseme una mbwa mzima wa kilo 10, aliyehasiwa, asiye na shughuli nyingi. Mahitaji yake kwa siku ni kama kalori 600, kwa hiyo fungu la vitafunwa ni 60 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga kina zaidi ya 90. Yaani kile kijiko unachomlambisha kwa dakika moja ya furaha tayari kimevuka fungu la siku. Dawa yake ni kukata vidogo. Mbwa hufurahia mara alizopewa kuliko ukubwa wa alichopewa. Kipande kimoja ukikigawa mara nne, umemzawadia mara nne. Na siku ya mafunzo mengi, punguza kidogo kwenye bakuli la jioni. Atakutazama kwa jicho la kuonewa, usijali.

Mboga hazina hesabu ngumu kiasi hicho. Karoti mbichi iliyotoka kwenye friza ilimfaa sana Tinga alipokuwa anaota meno, mradi nilikaa naye asije akameza kipande kikubwa. Boga lililochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja au viwili, husaidia choo kisichotulia. Viazi vitamu nakata vipande virefu vya unene wa nusu sentimita, nakausha kwa nyuzi 120 kama saa tatu, nikivigeuza katikati ya safari. Vinatoka vigumu kidogo nje na vyenye kutafunika ndani.

Ukitaka biskuti kabisa, saga oti vikombe viwili, changanya na yai moja, nusu kikombe cha boga lililopondwa na kijiko cha siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari. Donge likinata mikononi ongeza oti. Sukuma, kata kwa kisu tu vijiraba vidogo, oka kwa nyuzi 175 dakika 25, kisha zima oveni na uziache humo zikauke. Ukavu ndio unaozilinda, kwani biskuti zako hazina dawa ya kuzuia kuoza kama za dukani. Zilizokauka vizuri weka kwenye kopo lenye mfuniko, zilizo laini zikae kwenye jokofu siku tatu au nne, na zinazozidi zigandishwe. Ukiona ukungu kwenye moja, tupa kopo zima.

Sasa sehemu isiyo na mzaha. Kabla hujachanganya chochote, soma lebo ya siagi ya karanga. Baadhi ya watengenezaji hutumia kitamutamu kinachoitwa zailitoli, ambacho kwenye lebo huweza kuandikwa E967. Kwa binadamu hakina neno. Kwa mbwa, humfanya atoe insulini nyingi kwa ghafla, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya nusu saa au saa moja, na ini likaweza kufa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu. Kuvipika hakuondoi sumu, na unga wake ni mkali zaidi. Chokoleti, kahawa, karanga za makadamia, pombe na donge bichi lenye hamira navyo ni mwiko. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo aliyekwambia mbwa aliumbiwa mifupa muulize kama aliumbiwa na sufuria.

Akila kimojawapo, mpigie daktari wa mifugo hapohapo, ukiwa umeshika pakiti ya alichokula na unajua uzito wa mbwa wako. Usimlazimishe kutapika kwa kumnywesha chumvi. Chumvi yenyewe inaweza kumuua. Na kama mbwa wako ana kisukari, maradhi ya figo au aliwahi kuumwa kongosho, hata vitafunwa nilivyovisifu hapa ulizia kwanza.

Chakula ni nusu tu ya kumliwaza mbwa. Nusu nyingine haina hata kalori, au ina chache. Chukua taulo kuukuu, tawanya punje kadhaa za chakula chake cha kawaida, likunje kama mkeka, umwachie. Atalinusa, atalisukuma kwa pua, atalikunjua polepole, na mwishoni atalala kama aliyetoka matembezi marefu. Siku za mvua ambazo hatutoki, taulo hilo ndilo linalookoa viti vyangu. Supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, iliyoenguliwa mafuta, igandishe kwenye sahani pana badala ya vidonge vidogo. Kidonge atakibugia, sahani atailamba, na kulamba kunamtuliza.

Ukisafiri, mwachie fulana uliyoivaa, usiifue. Mtafiti Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, na wenzake waliwazoeza mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawanusisha harufu mbalimbali. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2015, sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia mazuri iliamka zaidi kwa harufu ya mtu anayemfahamu, kuliko hata ya mbwa anayemfahamu. Ila fulana hiyo itoe vifungo kwanza. Kwa mbwa anayemeza vitambaa usimwachie kabisa, kwani nyuzi na soksi zilizomezwa huziba utumbo, na mwisho wake ni upasuaji.

Kwa radi na fataki, meza iliyofunikwa blanketi pande tatu inatosha kuwa pango. Upande wa nne uwe wazi daima, asije akahisi amenaswa. Mzoeze siku tulivu, kwa kumrushia humo kipande cha ini, ili siku ya kishindo aingie mwenyewe.

Na kitanda. Bosi nyonga zake zimekakamaa, kwa hiyo godoro lake ni nene. Nilipima kwa kulikandamiza kwa kiwiko, na kiwiko kikigusa sakafu basi na mfupa wake utagusa. Foronya ni ya kuvuliwa, ifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, kwa sababu mayai ya viroboto hayabaki kwenye manyoya, hudondoka pale mbwa anapolala. Wakati wa baridi namwekea chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo, upande mmoja tu wa kitanda, ili akiona joto asogee. Wakati wa joto chupa hiyohiyo naigandisha. Taulo mbichi alilalie, lakini usimfunike nalo, maana litazuia joto la mwili wake kutoka. Kabla hujachagua mahali pa kukiweka, mtazame kwa siku chache analala wapi kwa hiari yake mchana na usiku, kisha kitanda kiende hapo, hata kama ni katikati ya njia ya kwenda chooni.