Kwa wadogo zangu mnaoshusha giaboksi ya otomatiki uani

Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Kila mishahara ikishaingia simu yangu haipumziki: "Kaka, nimepata giaboksi ya manyuo ya Subaru Impreza, bei ya kutupa, Jumamosi nashusha otomatiki." Yaani anataka kutoa giaboksi inayojibadilishia gia na kuweka manyuo, ya kubadilisha kwa mkono. Nikiuliza imekuja na nini, jibu ni lile lile: imekuja yenyewe. Hakuna pedali, hakuna propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma), hakuna difu (gia za kugawia magurudumu nguvu), hata krosimemba, chuma cha kuishikilia giaboksi, haipo. Mtu kanunua mlango, anasema amejenga.

Nawaelewa. WRX ya GDA, yaani Impreza ya turbo, yenye otomatiki ya gia nne inaudhi kila siku. Turbo inaanza tu kuvuta, giaboksi ndiyo kwanza inatafakari. Yangu niliibadilisha nyumbani, chini ya mwembe, na otomatiki siitaki tena hata bure. Haya ni yale ninayoona mnayarudia. Mwenye haraka aende moja kwa moja namba tatu, maana hapo ndipo nilipolipia ada.

1. Nunueni seti nzima iliyotoka gari moja. Hafukati, yaani nusu gari iliyokatwa na vyake vyote, ikipatikana, chukua. Isipopatikana, mbane muuzaji mmoja akupe vyote: giaboksi na krosimemba yake, propela, difu ya nyuma, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi, pedali na kishikio chake, masta silinda na sleva za kusukuma mafuta ya klachi na bomba lake, mkono wa gia na vyuma vyake. Bolti za flaiwili ziwe za flaiwili. Zile zilizokuwa zimeshika pleti nyembamba ya otomatiki ni fupi, na ukizifunga kwenye flaiwili zinashika nyuzi chache tu. Zitakaa. Siku zikichoka kukaa utajua.

2. Tofali marufuku. Nimeikuta Subaru ya watu imekalia tofali za inchi sita, mwenyewe yuko chini yake anapiga mluzi. Tofali la saruji halipindi likakupa onyo, linapasuka. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kulalia chini. Ile otomatiki ni nzito kuliko unavyodhani, kwa hiyo kodi jeki ya giaboksi. Kabla hujaivuta, fungua kwanza bolti za toki konvata, ile inayounganisha injini na otomatiki, kupitia kile kitundu cha juu, huku mwenzako anazungusha injini kwa spana. Ukisahau, giaboksi itatoka, konvata itabaki kwenye injini, na yale mafuta mekundu yote yatamalizikia kifuani kwako. Kwetu doa bado lipo uani, na mama mwenye nyumba akilipita husimama kidogo ili nimwone anavyoliangalia.

3. Difu. Hapa tukae.

Subaru hii ina difu ya mbele ndani ya giaboksi, na difu nyingine kule nyuma. Hizi mbili lazima zikubaliane, la sivyo ile difu ya kati inayozigawia nguvu inaungua. Hili nililijua vizuri, na ndiyo maana linaniuma mpaka leo: asiyejua kabisa angeuliza, mimi niliyejua nusu sikumuuliza mtu.

Giaboksi yangu ilivuliwa kwenye WRX ya soko la Marekani, zile za 2002 hadi 2005, ikapitia Sharjah ndipo ikafika Ilala. Difu yake haikuja. Nikasoma namba iliyoandikwa juu ya nyumba ya klachi, ile inayoanza na TY, nikaitafuta, nikaona mbele ni 3.9, yaani shafti inazunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja. Nikatembea Shauri Moyo nzima nikiulizia difu ya 3.9 mpaka nikaipata, imetoka kwenye Legacy ya manyuo isiyo na turbo. Bolti zikaingia. Shafti zikaingia. Jioni ile nikampigia rafiki yangu kumweleza kwamba watu wanaua hizi gari kwa sababu hawasomi.

Mimi mwenyewe sikusoma mstari uliofuata. Ndani ya giaboksi ile, kabla nguvu haijatoka kwenda nyuma, inapita kwenye jozi ya gia yenye uwiano wa 1.1. Kwa hiyo mbele ikiwa 3.9, nyuma inataka 3.545, kwani 3.545 mara 1.1 ndiyo inakupa 3.9. Mimi nikaweka 3.9 mbele na 3.9 nyuma, nikajiona mhandisi. Pigeni hesabu: magurudumu ya mbele yakizunguka mara 100, ya nyuma yanataka kuzunguka 91. Lami haitaki kujua, inayalazimisha yote yaende sawa. Ugomvi wote unahamia difu ya kati, kwenye kapulingi ya viskasi yenye mafuta ya silikoni, ambayo imeundwa kuvumilia tofauti ndogo kwa muda mfupi, kama unapokata kona au unapoteleza kwenye tope. Haikuundwa kukorogwa kutoka Dar hadi Chalinze.

Nami Chalinze ndiko nilikokuwa nakwenda, kula nyama. Mtaani kwetu sikuona kasoro, kwa sababu njia ni ya vumbi na tairi zinapata pa kutelezea. Nilipopanda lami pale Kimara gari ikawa nzito, unakanyaga mafuta inakwenda kwa shingo upande. Nikasema ni klachi mpya, itazoea. Kibaha nikasikia mvumo unaopanda na kushuka kufuata spidi. Mnajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Mlandizi nikaingia sheli, nikakata kona ya taratibu kuelekea pampu, na gari ikaanza kurukaruka nyuma. Tairi zinadunda juu ya zege, kwi, kwi, kwi, watu wote wamegeuka. Dada aliyekuwa anajaza mafuta akaniambia kwa adabu, "Kaka, gari yako inanuka."

Nikainama. Mkia wa giaboksi, pale propela inapoingilia, ulikuwa unafuka moshi mwembamba. Mafuta yalikuwa yamepita kwenye sili, yakatambaa hadi kwenye krosimemba na kuungua meusi, na tone moja lilikuwa limening'inia bado halijaanguka. Kwa akili zangu zote nikaligusa kuona kama ni mafuta ya gia. Yalikuwa mafuta ya gia. Lengelenge lilikaa kidoleni kwa muda wa kutosha kila fundi kuniuliza limetoka wapi.

Gari ilirudi Dar juu ya lori. Tulipoifungua, kapulingi ilikuwa imeshikana, ukiizungusha kwa mkono haiendi popote, na gia za difu ya kati zimebadilika rangi, za bluu. Fundi mmoja mzee kule Gerezani hakunihubiria. Aliichukua difu yangu ya 3.9, akaibana mezani, akachora mstari wa chaki kwenye flenji ya propela, akashika shafti ya upande mmoja isizunguke, akaniambia nizungushe ya upande wa pili raundi mbili kamili na kuhesabu flenji imezunguka mara ngapi. Imekaribia nne. "Yako inataka tatu na nusu na ushee," akasema, akaenda kunywa chai.

Kipimo hicho ni bure na hakihitaji intaneti. Fanyeni pale pale kwa muuzaji kabla hamjatoa hela. Difu ikiwa ya LSD, ile inayozuia upande mmoja kuzunguka peke yake, utashindwa kushika upande mmoja, basi zungusha pande zote mbili kwa pamoja raundi moja. Na mkisoma namba ya giaboksi, msiishie kwenye uwiano wa mbele, tafuteni na ule wa kwenda nyuma. Propela nayo itoke kwenye manyuo. Tuendelee, kidole kimeanza kuwasha.

4. Klachi ya hizi WRX za gia tano ni ya kuvuta, si ya kusukuma. Beringi inaingia kwenye vidole vya presha pleti (sahani ya kubana diski ya klachi) na kujifunga humo, kwa hiyo usipoisikia imesema "ta", haijaingia. Siku ya kuishusha tena, anza kwa kuchomoa shafti ya uma wa klachi iliyo nyuma ya kifuniko kidogo ubavuni, la sivyo mtavuta watatu mpaka magharibi na giaboksi itabaki inawatazama. Diski iwekeni katikati kwa kile kiplastiki chake. Na giaboksi ikibakiza upenyo usiokubali kuziba, msiivute kwa kukaza bolti. Ile ni aluminiamu, inapasuka. Itoeni, mwangalie kinachozuia.

5. Waya. Otomatiki hairuhusu stata mpaka iwe P au N, kwa hiyo mnaunganisha zile waya mbili, gari inawaka, mnapeana mikono. Sasa gari inawaka hata ikiwa ndani ya gia. Binamu yangu alitaka kuisogeza yangu kidogo tu apite na pikipiki, akapiga ufunguo bila kukanyaga klachi, ikiwa gia ya kwanza. Banda la kuku halikuwa mbali. Kuku walipona, bampa haikupona. Pitisheni zile waya kwenye swichi ya pedali ya klachi, ni kazi ya nusu saa. Taa ya rivasi ina waya zake, zitafuteni kabla trafiki hajawatafutia. Mshale wa spidi ukifa msishangae, kwangu ishara ilikuwa inapitia kontroboksi ya giaboksi ambayo nilikuwa nimeshaing'oa kwa mbwembwe. Na kama ufunguo unakataa kutoka, ujue gari bado inasubiri uweke P. Shughulikieni hilo mapema, msiwe kama mimi niliyelala na dirisha wazi nikilinda gari yenye ufunguo wake.

6. Kutoa upepo kwenye bomba la klachi kunataka subira na mtu wa kukanyaga pedali asiyeshika simu.

7. Mafuta. Giaboksi hii inakunywa lita 3.5 za 75W-90, na iandikwe GL-5, daraja la mafuta ya gia, kwa sababu difu ya mbele imo humo humo na inatumia mafuta hayo hayo. Mnajazia kwenye tundu la dipstiki. Difu ya nyuma ina mafuta yake, haifiki hata lita moja, na ndiyo mnayoisahau kila mara. Kuna mmoja wenu aliniuliza kama yale mekundu aliyoyakinga kwenye beseni wakati wa kushusha otomatiki anaweza kuyarudishia humu ili asipate hasara. Nilikata simu. Kijana, kama unasoma hapa, jibu ni hapana, na beseni la mama lirudishe.