Waziri Akageuka Gavana: Amepanda au Ameshuka?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasomea sheria na nina azma ya kuingia siasa. James Orengo amekuwa mbunge, waziri na seneta, kisha 2022 akachaguliwa gavana wa Siaya. Wenzangu wanasema hapo alishuka ngazi. Waonaje? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wanahesabu vyeo, mimi nahesabu kazi.

Orengo aliingia Bungeni 1980 kwa uchaguzi mdogo wa Ugenya, hajatimiza miaka 30, enzi ya chama kimoja. Baadaye alikuwa mstari wa mbele katika vuguvugu la FORD, kudai vyama vingi. Mwaka 2002 akawania urais kwa tiketi ya chama cha SDP, akabwagwa, akakaa nje ya Bunge hadi 2007.

Ukiniuliza uwakili wake ulizaa matunda wapi, sikupeleki kortini, ijapokuwa alikuwa katika kikosi cha mawakili wa Raila Odinga siku Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, Septemba 1, 2017. Nakupeleka Wizara ya Ardhi. Akiwa waziri huko, sera ya taifa ya ardhi ilipita 2009, na 2012 zikatungwa sheria za Ardhi, Usajili wa Ardhi na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kasome kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi. Mume akitaka kuweka rehani nyumba ya ndoa, benki haiwezi kuipokea bila sahihi ya mkewe, hata kama hati ina jina la mume peke yake. Ni familia ngapi zilikuwa zikijua habari ya mkopo siku dalali anapobisha hodi! Sheria ya namna hiyo naithamini kuliko hotuba mia.

Sasa ugavana. Seneta hupigania fedha zifike kaunti. Gavana ndiye wa kuzitumia, na hapo ndipo penye kazi ngumu. Bajeti lazima ipite bunge la kaunti, na hata ikishapita, pesa hazitoki kwenye Mfuko wa Mapato bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Ufasaha uliomridhisha jaji hauwatoshi wawakilishi wadi wanaotaka barabara na zahanati kwao. Mimi sioni kushuka hapo kabisa.

Nawe usingoje shahada. Ibara ya 196 ya Katiba inataka vikao vya bunge la kaunti viwe wazi kwa umma. Nenda ukakae wakati wa bajeti, usikilize pesa zinavyogombaniwa, kisha niandikie tena.