Mitaro ya Amu, bamvua na gati: jibu kwa aliyeuliza kuhusu masika

Ndugu yangu, umeuliza kama mji wetu wa Amu (Lamu) utasalimika masika yajayo iwapo mitaro itazibuliwa, gati litengenezwe na mkondo wa Mkanda, njia ya boti baina ya kisiwa cha Manda na bara, uendelee kuchimbwa, au ni pesa za kutupa baharini. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria baina ya Mokowe na Amu, huu mwaka wa 21, na kwetu ni Langoni, hatua chache kutoka ngomeni. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mvua peke yake haituzamishi. Balaa ni mvua kubwa ikikutana na bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Mitaro yetu inamwaga maji chini ya ukuta wa pwani, na siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Bahari ikijaa, mdomo wa mtaro hufunikwa. Maji ya mvua hukosa pa kutokea, na maji ya chumvi nayo huingia mjini kwa njia hiyo hiyo. Ukumbuke pia kwamba ngome ilipojengwa, baina ya 1813 na 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji. Majengo yaliyo mbele yake leo yalikuja baadaye, juu ya ardhi iliyojazwa. Kwa hivyo maji yakishuka mbio kutoka vichochoro vya juu, yakifika huku chini hayana mteremko tena, yanasimama.

Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilinifunza hilo nyumbani kwa mama. Usiku mmoja maji yalipanda daka, yaani baraza ya mlangoni, yakavuka kizingiti, tukawa tunabeba magodoro kupeleka juu. Tulihangaika na ndoo kwa muda wa karibu saa mbili bila faida. Bahari ilipoanza kupwa, mtaro ukavuta wenyewe. Asubuhi vijana wa mtaa tukafunua vifuniko: mifuko ya plastiki, mavi ya punda, vifuu vya nazi, na mchanga wa ujenzi umeshikana kama saruji. Mafundi wa kuzibua walikuja mvua zishakwisha.

Basi mimi ningeomba mambo mawili kabla ya ukuta wowote mpya. Mitaro isafishwe Februari na Machi, si Juni. Na kila mdomo wa mtaro uwekewe mlango wa bawaba unaofunguka kuelekea baharini tu, maji ya mvua yatoke na bahari isirudi ndani. Mlango huo hautoi maji wakati bahari imejaa, hilo nakubali, lakini nusu ya yaliyoingia kwa mama yalikuwa ya chumvi. Vifuniko vizito vya zege visivyoinuliwa na watu wawili mimi sivitaki kabisa. Mtaro wa zamani ulikuwa wazi, uchafu ukionekana, na kila nyumba ikifagia mbele yake.

Kuhusu bodaboda katika Usita wa Mui, njia yetu kuu, sina maneno mengi: zikomee nje ya mji wa kale. Njia ile imejengwa kwa miguu na punda, na mtoto akitoka chuo cha Kurani hana pa kuruka.

Msongamano wetu hasa uko gatini. Boti tatu au nne hufungwa ubavu kwa ubavu, na bibi mwenye fimbo anavuka zote ili afike ngazi, nayo ngazi maji yakipwa ina utelezi wa mwani. Nimeshika mikono ya wazee wengi pale na kila mara moyo hunidunda. Tupewe gati linaloelea, lipande na kushuka pamoja na maji, na boti za mizigo zitengewe mahali pake mbali na abiria.

Mkanda ni kazi iliyotusaidia. Zamani maji yakipwa, boti za Faza na Pate zilikwama zikingoja yajae, na mwenye haraka akizunguka nje ya Manda, hata wakati wa kusi. Nimefanya hivyo mara mbili na sitaki tena. Ila boti za kasi zipunguze mwendo mle ndani, mawimbi yanabomoa kingo na mizizi ya mikoko inabaki nje. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na ndiyo inayovunja mawimbi kabla hayajafika kwetu.

Dhoruba nayo. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, na sisi huku tulipewa tahadhari mapema. Mimi niliipata kwa simu. Mjomba wangu alikuwa dagoni, kambi ya wavuvi, upande wa Kiwayuu, kusikofika mtandao, na habari alipewa na jahazi lililokuwa likipita. Lisingepita je? Kila dago lipewe redio ya upepo, gatini kupandishwe bendera nyekundu, na misikiti itangaze baada ya sala, kwa kuwa sauti hiyo haihitaji chaji.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Jedwali la maji la Aprili na Mei ninalo. Wa Langoni anayetaka kujua ni usiku gani mdomo wa mtaro wetu utafunikwa aniandikie hapa chini, nitampa tarehe na saa.