Umeniuliza skii, nakujibu kuhusu watu

"Shikamoo kaka. Nimeshanunua skii pana na begi la hewa. Februari nakuja Davos na wenzangu wa kazini hapa Munich, nitajie sehemu nzuri za nje ya pisti kabla wengine hawajazimaliza."

Marahaba, mdogo wangu. Sehemu za kuteleza nje ya pisti, yaani nje ya njia rasmi zilizoandaliwa kwa skii, sikutajii. Kaa kitako nikueleze kwa nini. Najibu hapa hadharani maana najua si wewe peke yako: kila aliyekuja kufanya kazi kwenye hoteli za Alps akaonja theluji laini inayofika magotini, anaota mteremko mtupu wenye alama zake mwenyewe. Hata mimi bado naota.

Jinsi nilivyojifunza kusimama kwenye skii naipita. Ni kuanguka na kuinuka, haina hadithi. Hadithi ni ya Januari moja hapa Davos.

Mji huu ndio makao ya SLF, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko. Majira ya baridi hutoa taarifa ya hatari kila siku saa 11 jioni, na kuihuisha saa 2 asubuhi. Jioni ile ilisema kiwango cha 3 kati ya 5. Wengi wakiona 3 hudhani wako katikati, si pabaya. Wanajidanganya. Karibu nusu ya vifo vya maporomoko ya theluji Uswisi hutokea siku za kiwango cha 3, kwa sababu 4 na 5 humtisha mtu akabaki kwenye pisti, lakini 3 humruhusu kujipa moyo.

Chini ya namba ile yaliandikwa maelezo ambayo hakuna anayeyasoma: tabaka dhaifu la zamani, miteremko ya kaskazini, juu ya mita 2,200. Mwanzo wa msimu theluji ilianguka kidogo, zikafuata siku nyingi za anga safi na baridi kali. Hali hiyo ikitokea, ardhi chini ina joto kiasi na hewa juu inagandisha, basi mvuke hupanda ndani ya theluji na kuigeuza chembe kubwa zenye kona, zisizoshikana, kama sukari. Januari ikaleta theluji nyingi na upepo. Wenyeji husema upepo ndio fundi mjenzi wa maporomoko, na siku zile fundi alikuwa kazini: alisomba theluji toka upande mmoja wa mlima akaishindilia upande wa pili, ikawa bamba moja zima juu ya sukari ile. Ukilikanyaga pasipofaa, chini kunabomoka na bamba lote linaondoka, wewe ukiwa juu yake.

Asubuhi tukapanda, watu wa jikoni na mapokezi, siku ya mapumziko. Anga bluu, theluji mpya kama sentimita 40. Tukavuka nguzo za mpaka wa pisti hadi juu ya mteremko unaotazama kaskazini. Kwenye ramani ya Uswisi ya simuni ulikuwa na rangi ya chungwa, yaani mwinamo wa nyuzi 35 hadi 40, na maporomoko mengi ya aina hii huanzia kwenye nyuzi 30 kwenda juu. Tulipokaribia ukingo, theluji chini ya miguu yetu ikatoa mlio mzito, vum, ikatitia kidogo. Ule ni mlio wa tabaka dhaifu likivunjika.

Nikasema mimi narudi. Mmoja akanionyesha alama za waliotangulia: "Si wameshapita?" Mwingine akasema Mwafrika kaona baridi, wakacheka.

Wakashuka. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakikutokea kitu. Mteremko ule haukuporomoka siku ile wala wiki ile. Jioni, kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, walisimulia kwa mikono na miguu, nami nakata vitunguu. Baadaye nikagundua wamefungua kundi jipya la WhatsApp. Mimi simo.

Sasa nisikilize. Kushuka salama hakuthibitishi kwamba mteremko ulikuwa salama. Unaweza kupita mara nyingi pembeni ya sehemu dhaifu bila kuigusa, ukajiita fundi, kumbe ni bahati. Alama za wengine hazikuambii lolote. Huenda wa tano ndiye atakayelivunja bamba. Wengi wanaofukiwa, poromoko wameliangusha wenyewe au wenzao.

Na sisi wageni tuna mtego wa ziada. Ukiwa mweusi juu ya skii, kila mtu kwenye lifti ya kupandia mlima ana neno. Wakisikia nazungumza Kiswahili huniuliza kama namfahamu Sabrina Simader, Mkenya aliyeshindana Olimpiki ya Pyeongchang 2018, kana kwamba tunalala nyumba moja. Ukizoea kuulizwa hivyo unataka kuonyesha kwamba umo. Hamu ile ndiyo inayomsukuma mtu ukingoni. Wewe unakuja na wenzako wa ofisini, umenunua skii pana, unataka wakuone. Nimekujua kwa ujumbe mmoja!

Begi la hewa, mkoba wa mgongoni unaofura poromoko likikukuta, ni zuri, hupunguza uwezekano wa kufukiwa, lakini halikuzuii kugonga mti wala jabali. Ukifukiwa, anayekuokoa ni mwenzako aliye pale pale, na dakika 10 hadi 15 za kwanza ndizo zenye matumaini. Kwa hiyo kila mmoja, narudia, kila mmoja awe na kifaa cha kutafutana cha mawimbi ya redio (457 kHz), koleo na fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na awe amevifanyia mazoezi. Simu ikae mbali na kifaa hicho, walau sentimita 20 wakati kinarusha mawimbi na 50 wakati wa kutafuta. Soma taarifa hadi chini, usiishie kwenye namba. Na kabla ya kupanda lifti kubalianeni: mmoja akisema hapana, wote mnarudi, bila mjadala na bila utani. Wasiokubali masharti hayo, usiende nao.

Ukifika nipigie. Jumatatu huwa sina zamu. Tutaanza na njia za njano: hizo zinalindwa dhidi ya maporomoko lakini hazishindiliwi na mashine, kwa hiyo theluji laini utaipata. Koleo nunua la alumini, la plastiki huvunjika kwenye theluji iliyogandamana. Wenzako nao wakija, waambie kwanza tutapita uwanja wa mazoezi wa kutafutana, na mimi ndiye nitakayevificha vifaa.