Paredi ya mifugo Nane Nane Mbeya

Mkuu, umeuliza kama paredi ya Nane Nane (maonesho ya wakulima na wafugaji) uliyoiona kwenye picha ilifanyika uwanja wa Sokoine hapa Mbeya. Hapana, si Sokoine. Nane Nane ya kanda yetu ni viwanja vya John Mwakangale, ukielekea Uyole (jina ni la yule mwanasiasa wa TANU aliyekutana na Mandela hapahapa Mbeya mwaka 1962). Na paredi uliyoiona kwenye picha ilikuwa ya ng'ombe, si ya askari wala matrekta.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kushika kamba ya mtamba (ng'ombe jike kijana) wa mjomba pale. Mnyama anazungushwa mbele ya waamuzi taratibu, kichwa juu, nao wanatazama kiwele, miguu, mgongo na jinsi anavyotembea. Kazi yenyewe inaanza nyumbani wiki kadhaa kabla: usipomzoesha kamba na kelele za spika, siku hiyo atakuburuta wewe. Mimi niliburutwa, na watu wakapiga makofi.

Maonesho yanaanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8, ila paredi si lazima iwe siku ya kilele, kwa hiyo tazama ratiba ya mwaka husika kabla hujapanda daladala. Pia kilele cha kitaifa huhama: mwaka 2022 na 2023 kilikuwa kwetu, 2024 kikaenda Nzuguni, Dodoma. Kikiwa mkoa mwingine, maonesho ya kanda yanaendelea hapa kama kawaida. Beba sweta, Uyole ya Agosti asubuhi haina mzaha.