Dubu yuleyule, ndege yuleyule, mbona raha imepungua?

SWALI: Habari za kazi kaka wa kona ya gemu. Mwezi uliopita nimemaliza gemu la Banjo-Kazooie lote, lile la dubu Banjo na ndege wake Kazooie, Jiggy (vile vipande vya fumbo vya dhahabu unavyokusanya) zote 100, usingizi nimeukosa siku kadhaa ila sijuti. Nikaingia la pili lake, Banjo-Tooie, mbio mbio maana kila mtu anasema ni kubwa zaidi na mbinu ni nyingi zaidi. Sasa hivi wiki ya tatu niko kwenye kile kiwanda, Grunty Industries, na kiukweli nawasha kwa kujilazimisha. Ni mimi nimechoka au gemu lina kasoro?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu hujachoka. Na mimi hilo la pili nalipenda, nimelimaliza mara mbili, ila nikitaka kufurahi nawasha la kwanza. Yote mawili ni ya Rare ya Uingereza, ya Nintendo 64, la kwanza 1998 la pili 2000, na muziki kote ni wa Grant Kirkhope, kwa hiyo ufundi haukupungua, kilichobadilika ni namna walivyopanga nyumba.

Anza na noti za muziki. Kwenye la kwanza kila steji ina noti 100 zimemwagwa mojamoja chini, unazifuata kama kuku na punje za mahindi, mara umepanda ngazi, mara umezunguka nyuma ya jengo ukaona mlango ambao usingeuona, yaani zile noti ndio njia yenyewe. Kwenye Tooie bado ni 100 ila wamezifunga tano tano kwenye viota 16, halafu alama moja kubwa ya muziki inakupa 20. Piga hesabu, vitu 17 tu kwenye steji kubwa kuliko za zamani kwa mbali! Unatembea uwanja mtupu, hakuna cha kuokota wala cha kukuonyesha pa kwenda. Najua wengi walishukuru, maana la kwanza kwenye N64 ukifa unaanza kuokota noti za steji nzima upya na ilikuwa inauma kweli, ila dawa ilikuwa kuzihifadhi tu, kama walivyofanya kwenye toleo la Xbox 360 la 2008, noti zikabaki njiani palepale.

Lakini kinachokuchosha wewe hasa ni madeni, yaani kazi unazozikuta steji moja ila huwezi kuzimaliza mpaka uende kwingine. Banjo-Kazooie ukikiona kitu, karibu kila mara unaweza kukipata leo hii, humo humo. Ipo Jiggy ya mbio na Boggy, yule dubu wa barafu, kule steji ya Freezeezy Peak inayokutaka ukajifunze viatu vya kasi steji nyingine, Gobi's Valley, kwanza, na watu wanaikumbuka mpaka leo kwa sababu ni ya peke yake. Tooie wamechukua hiyo wakaifanya ndio kawaida. Chukua yule mama dinosaria wa steji ya Terrydactyland aliyepotelewa na mtoto, mtoto yuko kwenye kizimba steji ya Witchyworld, umtoe, uwe umefungua stesheni pande zote mbili, umpakie kwenye treni ya Chuffy umrudishe kwao. Wazo zuri sana! Mara ya kwanza nilifurahi mno. Shida ni kwamba yako mengi ya hivyo, unatoka kila steji unadaiwa, na ukikutana na mlango uliofungwa hujui kama umekosea au mbinu yake bado hujafundishwa, basi unahangaika nusu saa bure. Hata Jinjo, vile viumbe vidogo vya rangi unavyoviokoa, zamani watano wa steji moja wanakupa Jiggy yako unaendelea, sasa hivi wana familia kwa rangi, ndogo ina mmoja na kubwa ina tisa, wametawanyika nchi nzima.

Na usiniambie la kwanza lilikuwa jepesi, kumbuka steji yake ya Click Clock Wood, mti mmoja misimu minne, yule kifaranga wa tai unamtotolesha masika, unamlisha kiangazi na vuli, baridi anaruka. Nalo ni deni, ila unalilipa kwenye mti uleule uliouzoea, ndio maana linagusa.

Kiwanda sasa. Ghorofa juu ya ghorofa, Banjo na Kazooie unawaachanisha kila saa, na N64 inalemewa mpaka picha zinakwenda kwa kusuasua, hapo wengi huwa wanakwamia. Usikimalize. Hakikisha umefungua mlango mkubwa kwa ndani ili usitegemee treni tena, toka, kacheze steji ya Hailfire Peaks, mlima mmoja wa moto na mwingine wa barafu, hapo utaona walichokuwa wanakitafuta. Ukirudi anza na kwa Humba, yule mganga anayekugeuza umbo, akugeuze mashine ya kufulia ukawafulie wafanyakazi nguo zao, hiyo Jiggy deni lake lote liko kiwandani humo humo.